Hata Makonyo

Barua ilikuja Jumatatu, imekunjwa mara tatu.
Aliileta kijana wa ofisini, mpole, akakataa maji.
Milioni kumi na tatu, laki nne na ushei:
kodi ya duka la marehemu, pamoja na riba,
kwa mwaka ambao duka lilikuwa limefungwa
na baba amelala Unguja, wodi ya wanaume,
akiniuliza kila asubuhi kama Wete kunanyesha.

Nimeisoma mpaka karatasi imelegea.
Kosa lao liko mstari wa sita:
fedha za karafuu, zilizopita benki kwa jina la duka,
wamezihesabu kuwa ni vitambaa tulivyouza.
Vitambaa vipi?
Mwaka ule mkasi wa baba ulishika kutu.

Shaame akaja usiku, viatu mkononi.
"Dada, tusichelewe. Shamba la Kangagani
tumwandikie ami Faki, nyumba mtoto wa Asaa,
friza ihamie kwa jirani kabla hawajaja na lakiri.
Mtu hafilisiwi kisicho chake."
Alikuwa na karatasi tayari, na kalamu mbili,
moja ya akiba.

Mama alikuwa akichambua. Hakuinua kichwa.
Kidole gumba kinavunja, kiganja kinapokea,
karafuu huku, makonyo kule.
"Babu yenu naye alificha," akasema.
"Mikarafuu kumi na miwili, kwa jina la swahibu yake,
mpaka mambo yapoe.
Mambo yakapoa. Swahibu akafa.
Wanawe wanatusalimu vizuri sana,
na kila msimu tunapita njia ya chini, tunanusa."
Akapuliza vumbi kiganjani.
"Mali ukiificha kwa mtu, huanza kumzoea."

Shaame alinyamaza, lakini karatasi hakuichana.
Aliikunja akaitia mfukoni.
Simlaumu. Ana watoto wanne chini ya bati lile.
Na mimi, niseme kweli,
nilikwishazika bangili za mama ndani ya debe la mchele.
Alizikuta Ijumaa, kibaba mkononi.
Alizivaa, akaendelea kupima.

Droo ya cherehani ilikuwa imekwama.
Niliipiga kwa mchi, ikafunguka:
vifungo, chaki, sindano zilizovunjika,
na stakabadhi za shirika, zimefungwa uzi mweusi
kwa fundo lake baba, lile la kumalizia vishikizo.
Daraja la kwanza, kilo mia moja na themanini.
Daraja la pili, kilo arubaini na moja.
Makonyo, magunia matatu.
Hata makonyo aliyadai karatasi.
Nilikaa chini, sakafuni, nikazisoma kwa sauti,
kama mtu anayesomewa na mgonjwa.
Tatu zimeliwa na mchwa. Moja haina tarehe.

Siku thelathini walizotupa nilizikata kwa mkaa ukutani.
Ya ishirini na saba nilikuwa Chake, nakala mbili mkononi.
Pingamizi: neno nililolijua kwenye ndoa tu,
sasa nimeliandika juu kabisa, nikalipigia mstari.
Mama alitia dole gumba; wino ukamkaa wiki nzima.
Afisa alipekua. Akasita. Akaileta karatasi puani.
"Zinanukia," akasema,
kisha akaona haya, akarudi kwenye hesabu.
Ile isiyo na tarehe aliiweka kando, peke yake.
Akagonga mhuri: IMEPOKELEWA.
Imepokelewa si imekubaliwa. Kiswahili nakijua.

Jibu halijaja. Nyumba iko pale pale Mtemani,
kwa jina la mtu tuliyemzika.
Karatasi ya Shaame sijui iko mfuko gani.
Ila mama siku hizi hanunui kitu kwa maneno.
Jana alimshika muuza pweza mlangoni:
"Niandikie."
"Bibi, pweza wa elfu tano?"
"Niandikie, mwanangu. Na tarehe."